Kabla hujanunua mkokoteni wa punda kwa kazi za nyumbani

Binti yetu alikuwa darasa la sita alipoanza kusinzia darasani. Mwalimu wake aliniita, akaniuliza kwa upole mtoto analala saa ngapi. Nikamjibu saa tatu usiku. Hakuniuliza anaamka saa ngapi, na mimi sikusema, maana jibu lingeniaibisha: saa kumi alfajiri, awahi foleni kisimani, arudi na ndoo kichwani, aiweke, aende tena.

Nyumbani kwetu tuko watu saba, nje kidogo ya Kibaigwa, wilayani Kongwa. Anayeifahamu Dodoma wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa habari ya maji. Kwa kunywa, kupika, kufua na mbuzi wachache tulikuwa tunatumia madumu manane ya lita 20 kwa siku, tena kwa kujibana. Dumu moja likijaa ni kilo 20. Kwa mtoto wa miaka 12 mwenye mwili kama wa binti yetu, hiyo ni zaidi ya nusu ya uzito wake mwenyewe.

Punda tulikuwa naye, jike mtulivu aliyetoka kwa mama mkwe, akitubebea madumu mawili mgongoni kila safari. Kwa hiyo zamu yetu ya kikoba ilipofika, mimi na baba watoto tukakubaliana: hakuna kitanda, hakuna simu. Tunanunua mkokoteni.

Ninaandika haya kwa sababu tangu kiangazi kianze wazazi kadhaa wameniuliza tuliununua wapi na kwa bei gani. Hayo ndiyo maswali tuliyouliza na sisi, mawili tu, na yalitugharimu.

Tulichokosea

Tuliununua mnadani. Ulikuwa umepakwa rangi ya bluu mpya, mpana, wa chuma kizito, wa aina ile inayobeba matofali na mchanga wa kujengea. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya mpya wa fundi. Baba watoto akapiga teke tairi moja, tairi likaitika vizuri, tukalipa.

Wiki ya pili binti yetu alikuja kuniita zizini. Juu ya mabega ya punda, pale shingo inapoishia, ngozi ilikuwa imechubuka na katikati pana kidonda kikubwa kama kisosi. Nilidhani ameumwa na punda mwenzake.

Afisa mifugo wa kata alipokuja, alikitazama kidonda mara moja tu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye mkokoteni. Akatuambia tupakie madumu yaliyojaa kama tunavyopakia siku zote. Tulipomaliza akaniambia, "Mama, hebu inua hiyo mikono, uishikilie pale inapokaa mgongoni kwa punda." Nikainua. Nilihimili kwa muda mfupi, nikaiachia.

"Sasa huo uzito anaubeba mgongoni," akasema, "na ninyi mnadhani anavuta tu."

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mzazi yeyote anayetaka mkokoteni wa magurudumu mawili. Mkokoteni huo ni kama mizani. Ekseli ndiyo kitovu. Mzigo ukikaa mbele ya ekseli, mikono inakandamiza mgongo wa punda. Ukikaa nyuma, mikono inainuka juu na mkanda wa tumboni unambana asiweze kupumua vizuri. Mzigo unatakiwa ukae juu ya ekseli, ukielemea mbele kidogo sana ili mikono isirukeruke.

Chukua hesabu yetu. Tuseme mzigo ni kilo 200, na katikati yake pako sentimita 20 mbele ya ekseli. Kutoka kwenye ekseli mpaka pale mikono inapomkalia punda ni mita mbili. Mgongo wake unabeba kilo 20, bila kuhesabu uzito wa bodi yenyewe. Ni dumu zima la maji limekaa mahali pamoja, juu ya kamba nyembamba, likimkandamiza na kumsugua kila tairi linapoingia kwenye shimo. Ukisogeza ekseli mbele kwa sentimita 15 tu, uzito huo unashuka mpaka kama kilo tano.

Na ndivyo tulivyofanya. Fundi wa kuchomelea wa barabarani aliikata ekseli, akaisogeza mbele kwa upana wa kama viganja viwili, akachomelea upya. Kazi ya saa mbili. Malipo yake yalikuwa madogo mno kiasi kwamba nilikasirika: kasoro iliyomtoboa punda ngozi ilikuwa inatibika kwa fedha ya kilo chache za sukari, kama tu tungeinua mikono ile kabla ya kununua.

Punda alipumzishwa wiki sita. Wiki hizo sita maji yalirudi kichwani.

Kwa hiyo ukienda kununua, usiogope kuonekana mjuaji. Mwambie muuzaji mpakie kitu chochote, hata watu wawili wasimame katikati ya bodi. Inua mikono mpaka bodi ikae sawa, isielekee mbele wala nyuma. Ukiweza kuishikilia kwa mkono mmoja bila kukunja uso, usawa wake ni mzuri. Ukihitaji mikono miwili na mgongo, ujue ekseli iko nyuma mno. Urefu uangalie pia: mkokoteni ukiwa umekaa sawa, mikono iwe usawa wa kimo cha punda wako, si punda wa muuzaji. Punda wetu wengi wa huku ni wafupi, na mafundi wengine wanatengeneza kwa kipimo cha maksai.

Mkokoteni mwepesi ndio mkokoteni

Wanaume wa mtaani kwetu wanapenda chuma kinene. Ukiwauliza watakwambia kinadumu. Ni kweli kinadumu, lakini punda analipa kila siku. Mkokoteni wetu wa bluu tuliupima kwenye mizani ya mahindi pale sokoni, ukaonyesha karibu kilo 160. Punda wetu mwenyewe hafiki hapo. Kabla hatujaweka hata kikombe cha maji, alikuwa ameshapewa mzigo.

Kanuni ninayoifuata sasa ni hii. Kwenye njia ngumu na tambarare, punda mzima mwenye afya avute uzito usiozidi mara mbili ya mwili wake, mkokoteni ukiwa ndani ya hesabu. Punda wa kilo 140 anapata kilo 280. Mkokoteni ukiwa wa kilo 160, umebakiwa na kilo 120, yaani madumu sita. Ukiwa wa kilo 90, umebakiwa na kilo 190, yaani madumu tisa. Punda yule yule, njia ile ile, madumu matatu zaidi kwa sababu ya chuma tu. Na kwenye mchanga au mlima punguza mpaka nusu. Najua utawaona watu wamepakia madumu 15 na wao wenyewe wamekaa juu. Waangalie punda wao.

Kwa familia isiyofanya biashara ya kubeba mizigo, bodi ndogo inatosha: urefu wa mita moja na nusu hivi, upana wa mita moja. Inaingiza madumu manane bila kubebana, au magunia mawili ya mahindi ya kupeleka mashineni. Ukichukua bodi kubwa kwa kusema nafasi haiozi, utaijaza. Kila mtu huijaza. Fremu ya bomba la chuma au chuma chembamba cha pembe inatosha, na sakafu iwe ya mbao nyepesi zilizoachiwa nafasi kidogo maji yapite. Mikono inaweza kuwa ya mti ulionyooka; mkaratusi mkavu unafaa, na ukivunjika unabadilisha bila kumwita fundi.

Tulikuja kuuuza ule wa bluu, safari hii kwa mtu mwenye maksai wawili, tukaongezea fedha, tukachongewa mdogo. Ndio tulionao mpaka leo.

Magurudumu

Hapa ndipo bei inapopanda na kushuka, na ndipo wauzaji wanapoficha mambo.

Mikokoteni mingi ya kwetu inatumia ekseli na magurudumu ya gari bovu, kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Hakuna ubaya. Tairi la upepo linapita kwenye mchanga vizuri kuliko gurudumu la chuma, ambalo huzama na kupiga kelele. Gurudumu kubwa nalo ni bora kuliko dogo, maana dogo linaingia kwenye shimo lote wakati kubwa linaruka juu yake. Yale magurudumu madogo ya pikipiki za watoto au ya mikokoteni ya sokoni yaache huko huko kwenye sakafu ya saruji.

Jaribu hivi. Inua upande mmoja, uegemeze kwenye jiwe, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Linatakiwa lizunguke kwa muda na kusimama taratibu lenyewe. Likikwaruza kama mtu anayesaga mtama, beringi zimekufa. Halafu shika tairi juu na chini, ulitikise kwa kuvuta na kusukuma. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Beringi zinabadilishwa, ila bei yake uitoe kwenye bei ya muuzaji, si kwenye mfuko wako.

Kisha simama nyuma, mbali kidogo, mtu mwingine auvute mkokoteni mtupu kwenda mbele. Tazama alama za matairi kwenye vumbi. Magurudumu yote mawili yanatakiwa yaende sambamba. Moja likiwa limeelekea ndani au nje, linaburuzwa badala ya kuzunguka, na punda anavuta breki kutwa nzima bila wewe kujua. Dalili nyingine ya ubovu huo ni tairi lililolika upande mmoja tu. Hii mara nyingi hutokana na ekseli iliyopinda kwa kuzidishiwa mzigo, na ekseli iliyopinda, kwa maoni yangu, ni sababu ya kuondoka bila hata kuomba punguzo.

Mwisho wa yote uvute wewe mwenyewe. Mkokoteni mtupu kwenye ardhi ngumu unatakiwa ukufuate kama mtoto aliyeshiba. Ukikulazimu kuinama, na punda atainama.

Vipara havina shida sana kwa mwendo wa punda, lakini tairi lililopasuka ubavuni litakuacha njiani. Na upepo uwe sawa pande zote. Mwendesha bodaboda wa jirani yetu anatuazima pampu kila Jumamosi, nasi tunamlipa kwa dumu moja la maji.

Fedha ya matandiko isikosekane

Watu wengi wanamaliza fedha zote kwenye mkokoteni, halafu wanamfunga punda kwa kamba ya nailoni. Mimi ningeshauri kinyume: uchukue mkokoteni wa kawaida, ubakize fedha ya matandiko.

Punda haumbwi kama ng'ombe. Maksai anasukuma nira kwa nundu na shingo nene. Punda hana nundu, shingo yake ni nyembamba, nguvu yake iko kifuani. Ukimwekea nira ya ng'ombe utamchubua na atavuta nusu ya uwezo wake. Anachohitaji ni mkanda mpana wa kifuani, upana wa kiganja kizima, uliokaa chini ya koo na juu ya maungio ya miguu ya mbele. Ukipanda juu sana unamkaba. Ukishuka sana unamzuia kutembea.

Mgongoni panahitaji tandiko lenye mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, katikati pabaki wazi. Uti wa mgongo usiguswe na kitu. Mkanda wa nyuma, unaopita chini ya mkia kuzunguka mapaja, watu wengi huuona kama pambo. Huo ndio breki yenu. Kwenye mteremko, bila mkanda huo, mkokoteni unamkimbilia punda na kumgonga miguu ya nyuma, na punda aliyegongwa hukimbia na mzigo, na mtoto akiwa juu yake.

Vifaa vyake si vya gharama. Mikanda ya viti vya magari mabovu ni migumu, laini kwa ngozi, na inauzwa na wale wale wauza vyuma chakavu. Ndani tulishonea blanketi kuukuu. Mpira wa tyubu unavutia kwa sababu ni wa bure, lakini usigusishe ngozi; unashika jasho na kuchoma. Waya usitumie mahali popote, hata kwa siku moja ya dharura. Blanketi lifuliwe kila wiki, kwa sababu jasho likikauka linakuwa gumu kama msasa.

Mkokoteni wa mkononi ukiuziwa pamoja na matandiko, yatazame vizuri kwa ndani. Ukiona damu iliyokauka au nywele zimeng'ang'ania, umeshajua ule mkokoteni ulivyokuwa ukitumika, na pengine kwa nini unauzwa.

Mpya, wa mkononi, au wa kuazimana?

Kama maji yenu ni mara mbili kwa wiki tu, sioni sababu ya kununua peke yenu. Familia mbili za jirani zenye punda mmoja mmoja zinaweza kumiliki mkokoteni mmoja na kupangiana siku. Andikeni kwenye daftari nani ananunua tairi likipasuka. Mashemeji wamegombana kwa vitu vidogo kuliko tairi.

Guta la kukodi linafaa kwa mavuno, magunia kumi kwa mkupuo mmoja. Kwa maji ya kila siku litakumaliza.

Wa mkononi ununuliwe mchana, mbele ya mashahidi, na karatasi iandikwe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Angalia maungio ya kuchomelea: rangi mpya juu ya chuma kikuukuu mara nyingi imefunika ufa. Ikwangue kwa kisu. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Sisi rangi ya bluu ilituvutia, kumbe ndiyo ilipaswa kututia shaka.

Na kama punda hamna, hesabu punda kwanza, mkokoteni baadaye. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao nchini China, imepunguza punda sehemu nyingi za Afrika, na mahali ilipopita bei yao ilipanda. Mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Bado fungeni zizi usiku. Usinunue punda mdogo ukitegemea atakua ndani ya matandiko. Chini ya miaka mitatu hajakomaa kwa kuvuta. Jike naye hubeba mimba kwa karibu mwaka mzima, na miezi ya mwisho, pamoja na ya mwanzo ya kunyonyesha, hana kazi ya mkokoteni. Panga ni nani atachota maji miezi hiyo kabla haijafika.

Watoto na mkokoteni

Lengo letu lilikuwa kumpunguzia mtoto kazi, na nusura tumwongezee. Mkokoteni ulipofika, kila mtu alimwona binti yetu kuwa ndiye dereva. Tukakataa. Masharti ya nyumbani kwetu ni machache. Mtoto haendi barabara ya lami na punda, na sisi tuko karibu na barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, ambako malori hayasimami ovyo. Hajifungi kamba ya punda mkononi wala kiunoni, hata akichoka kuishika. Hakai kwenye mikono ya mkokoteni. Mkokoteni ukiwa na mzigo, hakuna anayepanda. Giza likiingia, haondoki mtu. Na tulibandika vipande vya plastiki inayong'aa nyuma kwa siku ambazo foleni inachelewesha.

Fimbo tumeiacha kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumpiga au kumzidishia mnyama mzigo ni kosa, lakini sikuiacha kwa sababu ya sheria. Punda wetu akisimama njiani sasa tunajua kuna sababu: tairi limepungua upepo, mkanda umejikunja, au mtu ameongeza dumu la tisa.

Siku hizi baba watoto ndiye anayekwenda, saa kumi na moja jioni foleni inapokuwa fupi, safari moja, madumu manane. Binti yetu anaamka saa kumi na mbili. Jioni yeye ndiye anayemfungua punda na kupitisha kiganja chini ya kila mahali mkanda ulipokaa, akitafuta joto au unyevu. Pale palipokuwa na kidonda nywele ziliota tena, lakini ziliota nyeupe, doa la ukubwa wa kisosi, na anaanzia hapo kila siku.